Upande wa Pili wa Paa

Uvumi ulimfikia Bertilla kwenye foleni ya mashine ya kusaga, siku ya Alhamisi, debe la mahindi likiwa miguuni pake. Aliyeuleta ni Getruda, jirani yake wa hapo Mollo, mwanamke asiye na ubaya wowote ila hawezi kulala na neno tumboni.

"Bertilla, ndugu yangu, usinichukie," alisema, akimsogelea mpaka khanga zao zikagusana. "Wanasema Herieth wako huko shuleni anajibiwa hesabu na marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Baba yake. Kasmir. Mwenyewe katamka mbele ya darasa zima: jibu la pili ni la baba. Mtoto wa Redempta karudishwa nyumbani juzi na malaria, ndiye aliyesimulia. Na mwalimu kachukia, anataka kumtoa kwenye hesabu."

Bertilla akacheka. Alicheka kwa sauti ili wanawake wa mbele na wa nyuma wasikie. "Kasmir hakuwahi kuniandikia barua hata ya mistari miwili, leo ndiyo aandike hesabu?" Foleni nzima ikacheka, mashine ikanguruma, unga ukatoka, akajitwika debe lake akaenda zake.

Lakini neno lile lilibaki kama punje ya ulezi kwenye jino. Akisonga ugali, lipo. Akichambua maharage, lipo. Watu wa mikoa mingine wakisikia Sumbawanga huuliza habari za uchawi kabla hawajauliza bei ya mahindi, na Bertilla alijua jina baya likimshika msichana halimtoki hata akiolewa. Tena kulikuwa na ile sehemu ya pili, iliyomkata maini zaidi: kumtoa kwenye hesabu.

Herieth alikuwa kidato cha tano katika shule moja ya bweni mjini, tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati. Katika njia yao yote ya Mollo hapakuwahi kutokea msichana wa namna hiyo. Bertilla mwenyewe aliishia darasa la saba; alifika kwenye sehemu na asilimia, akafunga daftari, akashika jembe. Hesabu za binti yake alikuwa akizitazama kama mtu anavyotazama ndege angani: anafurahi, lakini hajui inakwenda wapi. Na hapa ndipo mzazi anapokosea. Kwa kuwa haelewi, haulizi.

Siku mbili zile kabla ya Jumapili alimkumbuka Kasmir kuliko alivyomkumbuka mwaka mzima.

Kasmir alikuwa fundi wa mapaa. Alikuwa mrefu, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata kwenye jua, kwa kuwa huko juu ya kenchi, zile mbao za pembetatu zinazobeba bati, upepo wa Julai hauna adabu. Nyundo na msumeno anavyo kila fundi, lakini Kasmir alikuwa pia na kibao chake, nusu duara ya mti wa mninga, amekichonga mwenyewe, na pembezoni kapigilia misumari midogo ya shaba, mmoja kila baada ya nyuzi kumi. Sifuri ilikuwa mkono wa kulia, tisini juu katikati, mia na themanini mkono wa kushoto. Kilikuwa kimeng'arishwa na viganja vyake mpaka kikawa kama sahani.

Herieth alianza kumfuata baba yake kazini akiwa na miaka saba, wakati wa likizo. Kazi yake ilikuwa kushika uzi. Bertilla akiwapelekea chai na viazi vitamu alikuwa akiwakuta pale chini, kenchi imelazwa kwenye nyasi kabla ya kupandishwa, baba na binti wamepiga magoti kama watu wanaoomba.

"Mguu wa kushoto nyuzi ngapi?" Kasmir aliuliza, kibao kimekaa kwenye boriti.

"Thelathini."

"Na upande wa pili?"

Mtoto anakisukuma kibao juu ya boriti mpaka mwisho wa kulia, bila kukigeuza, anatazama mbao inapopita. "Mia na hamsini."

"Mbao ina urefu gani?"

"Futi kumi na mbili. Zote."

"Kimo?"

"Futi sita. Zote."

"Kwa hiyo kimo ni nini cha mbao?"

"Nusu! Huku nusu na huku nusu!"

"Safi. Paa halisimami kwa mguu mmoja, mwanangu. Ukitaja upande mmoja umelilemaza."

Swali lile, na upande wa pili, likawa wimbo wa nyumba. Jirani akija kushitaki mwenzake, Kasmir atamsikiliza, kisha: "Na upande wa pili?" Bertilla akisema mboga haina chumvi: "Na upande wa pili?" Herieth akirudi shule akisema mwalimu kamwonea: "Na upande wa pili?" Walikuwa wakicheka mpaka machozi. Kisha mwaka ule, Herieth akiwa kidato cha pili, kifua kilimshika Kasmir baada ya msimu wa upepo, kikamlaza wiki tano, kikaondoka naye. Kibao akakichukua Herieth. Hakuomba, na hakuna aliyemkataza.

Jumapili ilikuwa siku ya kutembelea wanafunzi. Bertilla alisali misa ya kwanza, akapanda bodaboda na mfuko wake: unga wa ulezi wa uji, karanga za kukaanga, na migebuka, wale samaki wa Kasanga, aliyoikausha vizuri kwa ajili ya safari ya bweni. Oktoba ilikuwa inaisha. Mashamba yote njiani yalikuwa mekundu, yamelimwa, yanangoja mvua.

Herieth alitoka bwaloni akikimbia. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Mbona shingo imekuwa ya kuku?"

"Mama bwana! Umeleta migebuka?"

"Kaa kwanza. Migebuka haikimbii, imeshakufa." Wakakaa kwenye nyasi nyuma ya maabara, penye kivuli. Bertilla alikuwa ameapa njia nzima kwamba ataanza taratibu. Hakuweza. "Herieth, wewe umesema nini mbele ya darasa kuhusu baba yako?"

Msichana akaacha kutafuna karanga. "Habari imefika Mollo?"

"Imefika mashineni. Unajua maana yake."

"Mama, mimi nilisema jibu la pili ni la baba. Ni kweli ni la baba."

"Ee Mungu wangu."

"Subiri nikuoneshe." Akaondoka mbio, akarudi na karatasi mbili za majaribio na kile kibao. Bertilla alipokiona alitazama pembeni kidogo.

Karatasi zilikuwa zimechafuka wino mwekundu. La kwanza, alama thelathini na moja kati ya mia. La pili, ishirini na nane.

"Tazama swali hili. Linataka kinyume cha saini cha nusu."

"Saini ya nani?"

Herieth akacheka, na ile ilikuwa mara yake ya kwanza siku ile kucheka vizuri. "Si saini ya kutia kwenye fomu, mama. Saini ni kimo gawanya kwa urefu wa mbao. Kama baba alivyokuwa anasema, kimo ni nini cha mbao. Ukinipa pembe, nakupa saini. Kinyume chake, unanipa saini, nakurudishia pembe. Sasa hapa wamenipa nusu. Pembe gani ina nusu?"

Bertilla akatazama kibao. Darasa la saba au siyo, alikuwa mke wa fundi. "Thelathini."

"Na upande wa pili?"

Neno lile, kwa sauti ile. Bertilla akasogeza kidole kwenye kibao mpaka upande wa kushoto. "Mia na hamsini," akasema taratibu.

"Ndiyo! Nimeandika yote mawili. Kaniwekea mkasi." Akaonesha alama nyekundu ya kosa. "Na hapa: chukua saini ya nyuzi mia na hamsini, kisha kinyume chake. Unakwenda na kurudi njia ileile, si utafika ulikotoka? Nimeandika mia na hamsini. Mkasi. Anasema thelathini. Nikamwambia Mwalimu, huwezi kufuta upande wa pili wa paa, jibu hili ni la baba yangu na nyumba zimesimama kwa jibu hili. Darasa likacheka."

"Na Mwalimu akasemaje?"

Herieth akang'oa majani. "Kesho kuna jaribio la tatu. Asiyefika arobaini anahamishwa tahasusi. Anapelekwa kusoma masomo yasiyo na hesabu."

"Sasa si uandike anavyotaka?"

"Siwezi, mama. Nikiandika moja naona kama namfuta."

Jambo likawa wazi. Bertilla alikuwa amekuja akiogopa mizimu, akakuta mtoto aliyemshika baba yake kwa mkono mmoja na kalamu kwa mkono mwingine, na kesho asubuhi atapoteza kalamu. Hilo lilimtisha zaidi. Kwa mizimu ungeweza kumwita padri.

Mwalimu wa zamu siku ile alikuwa huyohuyo wa hesabu, Mwalimu Mayunga, Msukuma mnene mwenye sauti ya upole, ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe miaka mingi iliyopita. Alipowaona alikuja mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mwalimu. Ndiyo mimi mama yake huyu. Mwalimu, mwanangu si mbishi."

"Mama, ni mbishi," akasema Mayunga akitabasamu. "Lakini ni mbishi mwenye akili. Ndiyo maana nakonda."

Bertilla akamtazama toka juu hadi chini. "Umekonda wapi, Mwalimu?"

Hata Herieth akaguna kwa kicheko. Mayunga akachuchumaa, akapiga goti mbele ya kibao, akakigusa kwa heshima. "Kitu kizuri hiki. Mama, sikiliza. Jibu la mia na hamsini si la uongo. Saini ya mia na hamsini ni nusu kweli. Ningeuliza, nitajie pembe zote za kwenye duara zenye saini ya nusu, angeandika mbili na ningempa alama zote. Lakini kinyume cha saini ni swali la namna nyingine. Ni kama mashine: unaingiza namba moja, inatoa namba moja. Ikitoa mbili imeharibika. Kwa hiyo watu wa hesabu dunia nzima wamekubaliana, majibu ya kinyume cha saini yachukuliwe kati ya hasi tisini na tisini tu. Yaliyo nje ya hapo yapo, yanaishi, ila hayaitwi."

"Kwa nini hapo na si kwingine?" Herieth akauliza, uso umekunjwa.

"Tazama kibao cha baba yako. Chukulia kuna uzi umefungwa hapa katikati. Uweke chini kabisa, huku chini ya kibao, hasi tisini. Upandishe polepole kupitia kulia mpaka juu kabisa, tisini. Umepita kila kimo, cha chini mpaka cha juu, mara ngapi?"

"Mara moja."

"Ukiendelea kupita tisini kwenda kushoto?"

Herieth akapitisha kidole kwenye misumari ya kushoto. Kisha: "Naanza kushuka. Navikuta vimo vilevile tena."

"Basi. Tunasimama kabla ya kurudia." Mayunga akainuka, akajipangusa goti. "Nimemweleza hivyo mara tatu, mama. Anaelewa. Tatizo lake si kuelewa. Na kesho siwezi kumpa alama za huruma, karatasi zinasahihishwa na walimu wawili." Akaaga, akaenda kuwanyamazisha watoto waliokuwa wakigombania bomba.

Wakabaki wawili. Upepo ulikuwa ukipuliza karatasi, Bertilla akaikanyaga moja kwa kisigino. Na katika kuikanyaga ile karatasi alikumbuka jambo ambalo hakuwa amelifikiria kwa miaka ishirini, kwa sababu lilikuwa la aibu, na la aibu yake mwenyewe.

"Nikwambie kitu. Baba yako aliwahi kunituma kwa Zenon."

"Zenon gani?"

"Yule wa karakana ya mbao, pale mjini. Alishafunga siku nyingi. Ndiyo kwanza tumeoana, miezi minne. Baba yako alikuwa na kazi ya nyumba ya katekista, kenchi kumi na mbili. Akanipa baiskeli, akanikaririsha: mwambie Zenon mbao ishirini na nne, futi kumi na mbili, mkato nyuzi thelathini. Basi. Nikakanyaga baiskeli njia nzima naimba, ishirini na nne, kumi na mbili, thelathini. Lakini mimi nilikuwa bibi harusi, nataka kuonekana nimeelimika. Nimemsikia mume wangu kila siku na upande wa pili, na upande wa pili. Nikaona amesahau. Nikamwambia Zenon: thelathini, na mia na hamsini kwa upande wa pili."

Herieth akaweka mkono mdomoni.

"Zenon alikuwa mtu wa mbao, si mtu wa paa. Hakuuliza. Kasikia namba mbili, kajua oda mbili. Akakata ishirini na nne za thelathini, akakata ishirini na nne nyingine. Trekta likaja limejaa. Baba yako alikuwa juu ya ukuta, akashuka, akatazama lile rundo, akanitazama mimi. Nikaanza kulia kabla hajasema."

"Akakugombeza?"

"Angenigombeza ningesahau. Alicheka. Alicheka mpaka akaikalia mbao. Mafundi wenzake wakamwita Mume wa Mia na Hamsini mwaka mzima. Zile za ziada ndizo zilizoezeka jiko letu, lilelile unalolijua." Bertilla naye alikuwa anacheka sasa, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Alipomaliza kucheka akaniambia, na nakwambia kama alivyosema: Bertilla, mimi na wewe tunajua paa lina pande mbili. Zenon anataka namba moja. Tumekubaliana naye siku nyingi kwamba namba hiyo ni ya mguu wa kushoto. Ukimpa hiyo, ule wa pili haufi. Naugeuza mwenyewe nikiwa juu."

Wanafunzi wengine walikuwa wanapita na mama zao, wamebeba ndoo na vyandarua.

"Baba hakuniambia hilo," Herieth akasema.

"Ulikuwa hujazaliwa. Na wewe hukuwahi kutumwa kwa Zenon. Ulikuwa mtoto wa juu ya kenchi, ukaujua upande wa kazi tu. Baba yako aliyajua yote, lini kutaja mbili na lini kutaja moja."

Msichana akachukua kibao akakiweka mapajani. Vidole vyake vilipita kwenye misumari, kumi, ishirini, thelathini, vikasimama. Kisha vikaendelea mpaka mia na hamsini, vikasimama tena.

"Mama," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Kosaini."

"Ndiyo nani tena?"

"Kosaini haiangalii kimo. Inaangalia mbao imekwenda umbali gani pembeni, na imeelekea wapi. Kulia ni chanya, kushoto ni hasi. Kimo hakisemi uko upande gani wa paa. Kosaini inasema!" Alikuwa amepiga magoti. "Ndiyo maana kinyume cha kosaini kina mpaka wake mwingine, kutoka sifuri mpaka mia na themanini. Unatoka kulia kabisa mpaka kushoto kabisa, kila umbali mara moja. Mia na hamsini imo ndani! Saini haimwiti, lakini kosaini inamwita."

Bertilla hakuelewa nusu ya maneno yale. Alielewa uso. Ulikuwa ule wa mtoto mwenye miaka saba, magoti yamejaa nyasi.

"Haya," akasema, "fungua daftari. Mimi nauliza, wewe unajibu."

"Utajuaje kama nimekosa?"

"Niandikie mipaka tu pale juu. Nikutajie kama umevuka ua. Kuchunga ua hakutaki kidato cha tano."

Herieth akaandika juu ya ukurasa. Saini: hasi tisini hadi tisini. Kosaini: sifuri hadi mia na themanini. Tanjenti: kati ya hasi tisini na tisini, lakini mwisho wenyewe haumo. Bertilla akashika kitabu cha maswali kwa mikono miwili kama kitabu cha nyimbo, akawa anaonesha kwa kidole.

Kinyume cha saini cha hasi nusu. "Hasi thelathini." Bertilla akatazama juu ya ukurasa. Imo. "Endelea."

Saini ya mia na ishirini, halafu kinyume chake. Herieth akafumba macho. Mia na ishirini ilikuwa imevuka tisini. Kimo chake ni sawa na cha sitini. "Sitini." Imo.

Kinyume cha kosaini cha hasi nusu. "Hasi sitini," akajibu haraka.

"Simama hapo," Bertilla akasema. "Kosaini inaanzia sifuri, umeandika mwenyewe. Hiyo hasi imetokea wapi?"

Herieth akashtuka, akatazama, akapiga paji la uso. "Mia na ishirini! Mama, umenikamata!"

"Mimi ni darasa la saba, usinizoee."

Waliendelea hivyo mpaka kengele ya saa kumi. Migebuka ilisahaulika kwenye mfuko. Walipoagana getini Herieth alimkumbatia mama yake, akamwachia swali ambalo Bertilla alilibeba njia yote kwenye bodaboda: "Kama kesho nikiandika moja, unadhani baba angenielewa?" Bertilla alikuwa amemjibu kwamba baba yake ndiye aliyeanza kutaja moja. Lakini njiani, upepo ukimpiga usoni, alijikuta anamkasirikia Kasmir kwa kutokuwepo, kisha akajiona mjinga, kisha akamkumbuka amekaa juu ya lile rundo la mbao anacheka, na hasira haikufika nyumbani.

Jumatatu hakulima. Jumanne alilima akavuka mpaka wa shamba la watu. Jumatano simu ilikuwa na chaji kamili na hakuna aliyepiga. Mtu mwenye mtoto bwenini anajua siku hizo zilivyo ndefu.

Ijumaa mchana ikaita. Namba ya Mwalimu Mayunga.

"Mama Herieth, shikamoo. Nipo naye hapa, ngoja umsikie."

"Mama? Sitini na nane."

Bertilla alikaa chini palepale kwenye tuta. "Sitini na nane inatosha?"

"Inatosha! Nabaki! Jina langu limebaki kwenye orodha. Nimekosa machache. Lile la tanjenti la hasi moja niliandika mia na thelathini na tano, nikasahau ua. Ilikuwa hasi arobaini na tano."

"Mimi sikuwepo kukuchunga, ndiyo maana."

"Ndiyo maana," Herieth akacheka. "Na mama, lilikuwepo moja, kinyume cha kosaini, jibu lake lilikuwa mia na hamsini. Nimeliandika peke yake. Mwalimu kaweka vema, kubwa."

Baada ya simu Bertilla alibaki amekaa kwenye tuta, jembe limelala kando. Alilia kidogo, si kwa huzuni hasa. Kisha akawaza juu ya Coleta, mdogo wake Herieth, aliye kidato cha tatu na aliyekwisha kusema anataka kufuata dada yake. Na watoto wa watu wengine, ambao mama zao wanasikia habari zao mashineni. Jumamosi, baada ya kufua, akachana karatasi katikati ya daftari ili isitoke na mwandiko wa mtu, akaandika kwa herufi zake za darasa la saba, kubwa, zilizosimama wima. Herieth alipokuja likizo aliongeza moja na kusahihisha mawili. Inasomeka hivi.

MAMBO YA KUEPUKA

Usiandike majibu mawili ukiulizwa kinyume cha saini. Ni moja, kati ya hasi tisini na tisini.

Usidhani saini na kinyume chake vikikutana vinafutana tu. Tazama kwanza ile pembe kama imo ndani ya mpaka. Kama haimo, tafuta iliyomo yenye saini hiyohiyo.

Usikipe kinyume cha kosaini jibu la hasi. Yake ni sifuri hadi mia na themanini.

Usitumie mpaka wa saini kwenye kosaini, wala wa kosaini kwenye saini.

Kwenye kinyume cha tanjenti usiandike mia na thelathini na tano. Wala tisini yenyewe.

Usichanganye kinyume cha saini na moja gawanya kwa saini. Ni vitu viwili. (Herieth)

Ukiulizwa pembe zote za kwenye duara, usiandike moja.

Usibishane na mwalimu kabla hujamwuliza kwa nini.

Usiandike jibu kwa kumpenda mtu.

Mzazi, usikae na neno la mashineni siku tatu. Nenda shuleni siku hiyohiyo.

Usiseme mimi sikusoma. Omba uandikiwe mipaka, ukae, uangalie.